Hivi dini inakufa kweli Ulaya na Marekani, au imehama chumba tu?

#1 mchokonozi
Wakuu habari za humu. Kuna kitu kinanisumbua naomba tukijadili bila povu. Nipo Uholanzi kimasomo mwaka wa tatu sasa. Juzi jamaa mmoja wa darasani kanipeleka Maastricht kuona duka la vitabu, nafika nakuta ni kanisa, sio jengo linalofanana na kanisa, kanisa lenyewe la Wadominiko la mwaka 1294, rafu zimepanda juu huko na pale ilipokuwa altare watu wanakunywa kahawa wanachati. Jamaa mwenyewe dini hana, baba yake hana, bibi yake ndo alikuwa wa mwisho kusali. Nikasema basi kweli haya mambo yamekwisha.

Sasa tunarudi stesheni tukapita kanisa lingine ambalo bado linafanya kazi, pale mlangoni kuna kajichumba ka Bikira Maria na mishumaa kibao. Jamaa akaingia, akapekua mfuko akatumbukiza sarafu alizokuwa nazo kwenye kisanduku, akawasha mshumaa mmoja akasimama kimya kama dakika mbili hivi. Nikamuuliza we si huamini, unamwashia nani? Akasema "mama anafanyiwa operesheni Alhamisi". Basi, hakuongeza neno.

Hoja yangu: dini haifi, imetoka kanisani imeingia mfukoni. Wabishi karibuni.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimewahi siti. Mama mtu kapona lakini?

#3 Babu_Takwimu
Hadithi tamu ila mshumaa mmoja sio takwimu kijana. Sensa ya England na Wales mwaka 2011 waliojiandika Wakristo walikuwa 59.3%, 2021 wakawa 46.2%, mara ya kwanza chini ya nusu. Wasio na dini wametoka 25.2% kwenda 37.2%. Scotland sensa yao ya 2022 wasio na dini ni 51.1%, yaani ndo wengi. Australia 2021 Wakristo 43.9%. Ujerumani ndo kabisa, mwaka 2022 peke yake Wakatoliki zaidi ya 520,000 waliaga, na kule kuaga sio kulala Jumapili, unaenda ofisi ya serikali na kitambulisho unasaini. Hiyo nayo utaiita kuhama chumba?

#4 Mama_Zamu
Hapo kwenye Ujerumani nisikilizeni mie ninayekatwa. Nilipofika kujiandikisha makazi kuna fomu inauliza dini, mie kwa uaminifu wangu nikaandika Katoliki nikidhani wanataka kujua tu. Mshahara wa kwanza naangalia karatasi naona mstari siuelewi, nauliza wenzangu zamu ya usiku wanacheka mpaka machozi, wananiambia dada hiyo ni kodi ya kanisa, 9%! Tena mmoja wao alishajitoa zamani, na bado Krismasi anakwenda misa anaimba kuliko mie. Nikamuuliza mbona ulitoka, akasema "nimetoka kwenye makato, sijatoka kwa Mungu". Kwa hiyo Babu hao laki tano usiwaweke wote kapu moja.

#5 Kidume_Mbishi
9% ya mshahara mzima?? Hata mie ningekana imani mchana kweupe

#6 Mama_Zamu
Sio ya mshahara, acha kutisha watu. Ni 9% ya ile kodi ya mapato unayolipa, Bavaria na Baden-Württemberg ni 8%. Yaani wanapiga hesabu ya kodi yako kwanza ndo wanachukua asilimia juu yake. Bado inauma lakini sio hivyo. Na wenzetu Wakatoliki maaskofu walitoa tamko 2012 kwamba ukijitoa serikalini basi na sakramenti huna, kwa hiyo yule mwenzangu anayeimba Krismasi kwa mujibu wa kanuni hata komunyo hapewi. Nani wa kumkagua sasa, sijui.

#7 Kidume_Mbishi
Sawa. Mie sababu yangu ni moja tu, shibe. Mtu ana bima, ana pensheni, mtoto akizaliwa haombewi aishi maana anajulikana ataishi, mvua isiponyesha chakula kipo tu, sasa huyu anapiga magoti kuomba nini? Kuna wasomi wawili Inglehart na Norris wameandika haya kwa kulinganisha nchi nyingi, kwamba pale maisha yanapokuwa na uhakika dini inalegea yenyewe hata asiipige vita mtu. Mungu wa watu wengi ni Mungu wa shida tuache unafiki.

#8 sista_hoja
@Kidume_Mbishi Marekani je? Tajiri kuliko wote hapo na makanisa yamejaa miaka yote.

#9 Kidume_Mbishi
Marekani utajiri upo uhakika haupo. Kule ukiugua vibaya matibabu yanaweza kukufilisi. Kwa hiyo wanaomba. Hoja yangu bado imesimama.

#10 Babu_Takwimu
Imesimama kwa mguu mmoja. Na "miaka yote" ya sista nayo imepitwa. Gallup, wale wa kura za maoni, mwaka 1999 walikuta 70% ya Wamarekani ni washirika wa kanisa, sinagogi au msikiti, 2020 ikawa 47%. Pew, watafiti wengine wa hukohuko, nao wanasema Wakristo 78% mwaka 2007, kwenye utafiti wa 2023-24 ni 62%, wasiofungamana na dini yoyote kutoka 16% hadi 29%. Sasa Kidume utuambie kati ya hiyo miaka Wamarekani wamepata uhakika gani mpya wa maisha, maana kuna mtikisiko wa uchumi wa 2008 hapo katikati. Kwa shibe yako walitakiwa warudi kanisani mbio.

Ila niwe mkweli, hao hao Pew wanasema tangu kama 2019 hivi mstari umelala, haushuki tena kama zamani. Kwa nini hakuna anayejua kwa hakika.

#11 Ndugu_Soko
Nyie mnaangalia mteja, mie naangalia duka. Dini ikiwa moja inalishwa na serikali, mchungaji ana mshahara watu waje wasije, atahangaika na nani? Ndo Sweden hiyo. Marekani tangu mwanzo hakuna kanisa la taifa, kila mchungaji anatafuta waumini kwa jasho, ndo maana kulichangamka. Hii hoja sio yangu, ni ya msomi wa Marekani Rodney Stark na wenzake.

#12 Bi_Mkubwa
Mwanangu Ndugu_Soko, Sweden kanisa lilitenganishwa na serikali tarehe 1 Januari 2000. Wakati huo washirika walikuwa zaidi ya 80% ya wananchi, leo ni kama nusu na kidogo. Duka limebinafsishwa na wateja wanazidi kutoka. Ufaransa wametenganisha tangu 1905, tungetegemea wawe wachangamfu hao.

Mie nafanya kazi ya kutunza wazee hukohuko Sweden, mwaka wa 14 huu. Niwaambie ninachokiona. Wazee wangu wengi wanasema hawaamini, wanasema hivyo bila hasira, kama mtu anayekwambia hapendi samaki. Lakini wamebatizwa wote, wamezikana kanisani wote, na ada ya kanisa wamelipa maisha yao yote kupitia kodi. Nilimuuliza bibi mmoja kwa nini unalipa kitu usichokiamini, akanitazama kama mie ndo mjinga, akasema "nani atatunza makaburi?" Na meli ya Estonia ilipozama Septemba 1994 wakafa watu 852, zaidi ya 500 wakiwa Waswidi, makanisa yalijaa nchi nzima, yeye mwenyewe alikwenda, akakaa benchi la nyuma, hakuomba, alikaa tu. Anasema hakuwa na mahali pengine pa kwenda kukaa.

Kuna mama msomi Mwingereza, Grace Davie, alisema Waingereza wanaamini bila kujiunga. Hawa wangu naona ni kinyume, wamejiunga bila kuamini.

#13 mchokonozi
Bi Mkubwa shikamoo. "Nani atatunza makaburi" hii naiba.

#14 Kiti_cha_Mbele
mchokonozi unajibu salamu, swali langu la #2 unaliruka. Mama kapona??

#15 Bi_Mkubwa
Marahaba. Nilisahau sababu yenyewe. Mie naona ni wanawake. Nani alikuwa anaamsha watoto Jumapili, anawavalisha, anawafundisha sala kabla ya kulala? Sio baba. Miaka ya 60 wanawake wakaingia kazini, vidonge vya uzazi vikaja, na kanisa likaendelea kuwaambia yaleyale. Wakaondoka kimya kimya na watoto wakaondoka nao. Kuna mwanahistoria wa Scotland, Callum Brown, yeye anataja kabisa mwaka 1963 kama ndo mwanzo wa poromoko Uingereza. Mwaka kamili namna hiyo mie siuwezi, ila kwenye kiini namuelewa sana.

#16 sista_hoja
Naunga mkono kwa miguu yote. Wanaume wa uzi huu mmeandika shibe, soko, takwimu, hakuna aliyekumbuka nani alikuwa anafua hizo nguo za Jumapili 😂

#17 Kapera_Mstaafu
Mnazunguka sana. Ni kashfa. Tazameni Ireland. Miaka ya 70 karibu wote walikuwa wanakwenda misa kila wiki. Yakaanza kutoka mambo ya mapadre na watoto, nyumba za kufungia wasichana waliopata mimba, watu wakaona tumedanganywa. 1995 kura ya talaka ilipita kwa 50.28%, nusu kwa nusu. 2015 ndoa za jinsia moja zikapita kwa 62%, 2018 utoaji mimba 66%. Miaka 23 tu, nchi ileile.

#18 Babu_Takwimu
Na hapohapo sensa ya 2022 ya Ireland bado 69% wamejiandika Wakatoliki. Wametoka 78% mwaka 2016, wameshuka ndiyo, lakini ni wengi. Kwa maana hiyo kuna watu lukuki waliopiga kura kinyume na askofu na jioni wakajiita Wakatoliki. Na kashfa zinaeleza Ireland, hazielezi Denmark. Kule hakukuwa na kashfa ya ukubwa huo na kanisani Jumapili hamna mtu vilevile.

#19 Fundi_Saa
Poleni kwa kuchelewa, niko zamu. Mnaongea kama watu wanaacha dini ukubwani. Wengi hawaachi chochote, hawakupewa. Kuna mtaalamu wa hesabu za jamii anaitwa David Voas, alichokikuta Uingereza ni hiki: wazazi wote wawili washika dini, mtoto kubaki na dini ni kama kurusha sarafu, nusu kwa nusu. Mzazi mmoja tu mshika dini, nafasi inapungua nusu tena. Wazazi wasio na dini, mtoto karibu hakika hana. Sasa piga hesabu vizazi vitatu. Hakuna vita, hakuna mjadala wa sayansi, hakuna kilichotokea kabisa. Ni ndoo inavuja.

Kwetu tulizaliwa wanne, baba shemasi. Mie nasali, mdogo wangu wa kike anasali kwa msimu, wawili hamna. Nusu kwa nusu kama kitabu. Mzee mpaka leo anauliza alikosea wapi na mie sina jibu la kumpa, maana aliyotufanyia wote wanne ni yaleyale.

#20 Kidume_Mbishi
Fundi hiyo inaeleza inavyovuja, haielezi nani katoboa ndoo.

#21 Fundi_Saa
Kweli. Hapo sina.

#22 Msoma_Ramani
Mnakaa sana Ulaya magharibi. Chukueni Wacheki na Wapoland, majirani, wote walikuwa chini ya ukomunisti miaka 40 na ushee. Wapoland wakatoka na kanisa limejaa, Wacheki wametoka weupe. Ukisema ukomunisti uliua dini, Poland inakukatalia. Wacheki historia yao ni tofauti, mhubiri wao Jan Hus aliyelikosoa kanisa alichomwa moto 1415, halafu baada ya vita vya Mlima Mweupe 1620 wafalme wa Habsburg wakawarudisha kwenye Ukatoliki kwa nguvu. Kwa Mcheki kanisa lina sura ya mtawala. Kwa Mpoland kanisa ndo lilikuwa linamficha asimalizwe na mtawala. Siku hizi Poland nako vijana wanatoka, na mie nadhani ni kwa sababu kanisa limekaa karibu mno na wanasiasa.

#23 Babu_Takwimu
Nyongeza kwa Msoma_Ramani: sensa ya Wacheki ya 2021 swali la dini lilikuwa la hiari na karibu 30% waliliruka. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Wacheki asilimia fulani hawaamini" muulize hao walioacha wazi kawaweka wapi.

#24 Kinyonga_Jr
Na waliojiandika Jedi mmewaweka wapi 😂😂 Uingereza 2001 watu laki tatu na tisini elfu waliandika dini yao ni Jedi wa kwenye sinema. Dini ya nne kwa ukubwa hiyo!

#25 Babu_Takwimu
England na Wales, 390,127. Ilikuwa mara ya kwanza kule sensa yao kuuliza dini hivyo watu wakafanya utani, na serikali ikawahesabu kwenye wasio na dini. Ila ni fundisho zuri kuhusu fomu, mtu anajaza anachotaka.

#26 Kinyonga_Jr
Yoda awe nanyi nyote

#27 Mwanafunzi_wa_Kale
Mie nawachokoza upande mwingine kabisa. Nani kawaambia zamani walikuwa wanasali? Uingereza tarehe 30 Machi 1851 walihesabu watu makanisani nchi nzima, enzi za Victoria hizo tunazodhani kila mtu alikuwa na Biblia kwapani. Aliyeandika ripoti akakadiria watu zaidi ya milioni 5 waliokuwa na uwezo wa kwenda hawakwenda, tena wengi ni wafanyakazi wa mijini, wakashtuka sana wakubwa. Kilichokuwepo zamani ni aibu. Usipoonekana kanisani mwenye shamba atakuuliza, mwalimu atakuuliza. Aibu imeondoka, na idadi imeondoka nayo. Imani yenyewe hatujui ilikuwa kiasi gani maana hakuna aliyefungua moyo wa mkulima wa wakati ule.

#28 sista_hoja
Hii ndo ya kwanza imenifanya niache chai. Sasa kama aibu ndo ilikuwa inajaza makanisa si bora hivi sasa?

#29 Abu_Swafiya
Salaam. Nimesoma wote, naona mnazungumzia Ukristo tu. Mie nipo Uingereza, Mwislamu, sensa ya 2021 ilituhesabu milioni 3.9, 6.5%. Msikiti wetu Ijumaa tunapanga zamu mbili. Kwa hiyo mkisema "dini inakufa Uingereza" ni dini ya nani? Hata London makanisa yaliyojaa ni ya wahamiaji, jirani yangu Mnigeria Jumapili anatoka asubuhi anarudi jioni.

Lakini sitawaficha, na kwetu kuna mabadiliko, sema hayaonekani kwenye hesabu. Binti yangu mkubwa kaanza kuvaa hijabu akiwa na miaka 16, mama yake havai. Nilifurahi, nikamuuliza nani kakushauri. Akasema hakuna, nimesoma nimeamua. Nikarudia mara mbili kichwani, "nimeamua". Mie sikuamua, nilizaliwa nikakuta. Huyu ana sababu zake na anaweza kuzitetea kuliko mie. Mdogo wake wa kiume naye "ameamua", hafungi, na ananiambia kwa adabu kabisa. Nyumba moja. Sasa hii mtaiandika dini imepanda au imeshuka?

#30 mchokonozi
Abu hii ni nzito kuliko uzi wangu wote.

#31 Ndugu_Soko
Ndo alichokisema msomi wa sosholojia Peter Berger. Mwaka 1968 alitabiri karne hii ya 21 waumini watabaki vikundi vidogo vidogo tu vimejikunyata. Miaka ya 90 akajikana hadharani akasema nilikosea, dunia ina dini kama zamani. Kilichobaki kwake ni kwamba ukiishi na majirani wa imani kumi tofauti, ya kwako haiwezi tena kuwa hewa unayovuta bila kufikiri. Inabidi uishike kwa mkono.

#32 Kapera_Mstaafu
Au uidondoshe

#33 Dada_Kimono
Nimeishi Japani miaka sita. Mkiwauliza watakwambia "sina dini", wengi kabisa. Halafu mwaka mpya foleni kwenye mahekalu ya Shinto, dini yao ya jadi, inazunguka mtaa. Mtoto akizaliwa anapelekwa Shinto, harusi gauni jeupe na mtu kavaa kipadre na mara nyingine hata padre sio, msiba ni Wabudha. Rafiki yangu nilimuuliza mbona mnachanganya, hakuelewa swali. Kwake "dini" ni kujiunga na kundi, hizo nyingine ni mambo ya kufanya tu. Nikaanza kushuku kuwa hata hili neno tunalopimia watu ni la Wazungu na limetoka na sura ya kanisa.

#34 Msoma_Ramani
Na kuna kinyume chake, Uruguay. Walitenganisha dini na serikali zaidi ya miaka 100 iliyopita na hawakuishia hapo, kwenye kalenda rasmi Krismasi inaitwa Siku ya Familia na Juma Kuu ni Wiki ya Utalii. Kweli tupu. Neno wameondoa, likizo wamebaki nayo.

#35 Kinyonga_Jr
Hao ndo wenye akili

#36 Neema_Tele
Mbona hamsemi kwamba vijana wanarudi? Ripoti ya Bible Society ya 2025 Uingereza inasema vijana wa miaka 18 hadi 24 wanaokwenda kanisani walau mara moja kwa mwezi wametoka 4% mwaka 2018 hadi 16%, wavulana 21%. Na Ufaransa Pasaka 2025 walibatizwa watu wazima 10,384, ongezeko la 45% kwa mwaka mmoja. Bwana anafanya kazi.

#37 Babu_Takwimu
Dada Neema ya Ufaransa nakubali, hao wamehesabiwa mmoja mmoja. Ya Uingereza polepole. Ile ni kura ya mtandaoni ya watu waliojiandikisha wenyewe kujibu, wataalamu wakiwemo huyo Voas wa Fundi wameipinga, kwa sababu tafiti zinazochagua watu kwa bahati nasibu hazioni huo mlipuko. Na hata Ufaransa, watu wazima wanabatizwa wengi kwa sababu hawakubatizwa utotoni, zamani ungembatiza nani wakati wote walishabatizwa?

#38 Neema_Tele
Mtu wa miaka 22 kaenda mwenyewe maji yamwagwe kichwani wakati rafiki zake wote wanamshangaa. Hesabu zako hazina safu ya huyo.

#39 Mama_Zamu
Hapo Babu umepatikana 😅

#40 Kidume_Mbishi
Mie bado niko na shibe.

#41 Kiti_cha_Mbele
MLETA MADA. MAMA. OPERESHENI.

#42 mchokonozi
Hahaha nisamehe mkuu. Kapona, karudi nyumbani, nilikwenda kumsalimia Jumapili. Jamaa akamsimulia ule mshumaa, mama akacheka, akasema yeye kanisa kaacha akiwa na miaka 19 na hakuna aliyemuomba amwashie kitu. Nikajua yameishia hapo.

Leo asubuhi jamaa kanipigia anakwenda Maastricht, treni saa nzima. Nikamuuliza kuna nini tena. Anasema siku ile sarafu zake hazikufika bei iliyoandikwa kwenye kisanduku, na inamsumbua, anakwenda kumalizia.

#43 sista_hoja
Anamlipa nani?

#44 mchokonozi
Nimemuuliza hivyohivyo. Kakata simu.

#45 Mama_Zamu
Babu_Takwimu huyu unamuandika wapi?

#46 Babu_Takwimu
Naacha wazi. Swali ni la hiari.